Kutoka Lubumbashi hadi Brussels kuona rock nzito ya watu wawili: mwongozo kamili

Malalamiko ya mashabiki wanaotoka huku kwenda konseti Ulaya yanafanana. Mmoja ana tikiti ya konseti, ndege ameshailipa, viza imekataliwa. Mwingine viza imetoka, lakini imetoka siku mbili baada ya bendi kuondoka mjini. Na wachache wanaofika mpaka ndani ya ukumbi wanarudi wakisema walisikia mvumo mtupu, maneno ya mwimbaji hawakuyapata.

Kosa la msingi ni moja: watu hupanga safari ya Ulaya kwanza, halafu konseti wanaipachika ndani yake. Geuza. Usiku wa konseti ndio upange kila kitu: siku unazoomba, pesa unazoonyesha, chumba, ndege, hata vizibo vya masikio.

Mwongozo huu ni wa mwenye pasipoti ya Kongo anayeishi Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, na anayetaka kwenda siku chache tu. Nimechagua Brussels kwa sababu Kifaransa kinatosha, wengi wetu tuna ndugu kule, na mji una kumbi za ukubwa unaofaa muziki huu. Bendi ninazozifikiria ni za aina ya Royal Blood ya Brighton (Mike Kerr kwenye besi na sauti, Ben Thatcher kwenye dramu), Death from Above 1979 ya Toronto, au Black Box Revelation, ambao ni watoto wa Dilbeek, pembeni kabisa mwa Brussels.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, yenye kurasa mbili tupu, na itakayobaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya.
- Kadi ya banki ya Visa au Mastercard inayokubali malipo ya intaneti, pamoja na namba ya simu inayopokea kodi za banki (zile namba za siri za kuthibitisha malipo).
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano.
- Taarifa za akaunti za miezi 3 ya mwisho.
- Karatasi ya kazi: barua ya mwajiri na ruhusa ya likizo. Mfanyabiashara, RCCM (karatasi ya usajili wa biashara) na namba ya impo (ushuru wa serikali). Mwanafunzi, karatasi ya uandikishaji.
- Vizibo vya masikio vyenye kichujio. Hivi nitavieleza kwa urefu, kwa sababu ndivyo vinavyodharauliwa kuliko vyote.
- Miezi minne au mitano ya nafasi. Ukiwa na wiki sita tu, ngoja ziara nyingine ya bendi.

## Hatua ya 1: Chagua ukumbi, kisha bendi

Watu wawili jukwaani hawajazi uwanja kwa macho, wanaujaza kwa sauti. Sauti hiyo inahitaji kuta zilizo karibu. Ancienne Belgique, ambayo kila mtu huiita AB, iko Boulevard Anspach katikati ya mji na inachukua watu karibu 2,000. Orangerie ya Botanique, ndani ya jengo la zamani la bustani ya mimea, ni ya watu mia kadhaa. Forest National ni ya maelfu, na pale tayari unaanza kutazama skrini badala ya wanamuziki.

Tamasha la nje la kiangazi ningeliepuka kwa mara ya kwanza. Bendi ya wawili hupewa nusu saa hadi saa moja, mara nyingi jua likiwaka, na upepo unachukua nusu ya sauti. Utakuwa umevuka bara kwa ajili ya nyimbo nane.

Angalia tarehe pia. Konseti ya Jumamosi ni rahisi kuieleza kwa mwajiri, na usafiri wa usiku ni mwingi zaidi.

Tahadhari: baadhi ya bendi za namna hii ni za Uingereza, na shabiki huvutwa na tarehe ya London. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ubelgiji ikiwemo, haiingizi mtu Uingereza. Treni ya Eurostar kutoka Brussels-Midi itakukataa palepale kituoni.

Hatua hii imekamilika ukiwa na tarehe moja, ukumbi mmoja, na angalau miezi minne mbele yako.

## Hatua ya 2: Nunua tikiti ya konseti, na hiyo tu

Tikiti ya ukumbi wa watu 2,000 ni gharama ndogo ukiilinganisha na ndege. Inunue mapema, kwa sababu inaweza kuisha na kwa sababu itaingia kwenye dosie yako ya viza kama ushahidi wa sababu ya safari. Ndege usiiguse bado.

Mauzo mara nyingi hufunguliwa saa 4 asubuhi ya Brussels (10:00). Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Lubumbashi na Brussels zina saa ile ile. Miezi mingine sisi tuko mbele kwa saa moja, kwa hiyo mauzo yanafunguka saa 5 kwetu (11:00). Uwe mtandaoni robo saa kabla, akaunti ya ukumbi ikiwa imeshafunguliwa na jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

Malipo ndipo wengi wanapoanguka. Kadi ina dola za kutosha, lakini banki inatuma kodi kwa SMS kwenye namba ya zamani, muda unapita, tikiti zinaisha. Siku chache kabla, lipia kitu kidogo mtandaoni kwa kadi hiyo hiyo uone kama kodi inafika. Ikikwama, nenda banki wakurekebishie namba. Bancontact utakayoiona kwenye ukurasa wa malipo ni ya wenye akaunti za Ubelgiji, ipite.

Tikiti zikiisha, kuna soko halali la mashabiki kuuziana, kama TicketSwap. Ubelgiji ina sheria ya 2013 inayokataza kuuza tena tikiti kwa bei kubwa kuliko ya awali, kwa hiyo anayekudai mara tatu anakuambia mwenyewe ni mtu wa namna gani. Kwa tikiti za kupitia picha ya WhatsApp sina maneno mengi: hapana.

## Hatua ya 3: Jenga dosie kuzunguka usiku huo

Afisa anayesoma dosie yako hahitaji kujua rock. Anatazama kama karatasi zote zinasimulia safari moja. Konseti ni Jumamosi, likizo umepewa wiki tatu, hoteli ni ya usiku mbili, viza unaomba siku 30: hapo umesimulia safari nne, naye hataamini hata moja.

Omba safari fupi. Fika Alhamisi, konseti Jumamosi, rudi Jumatatu. Najua ndugu watakuambia, "Yaya, ukishafika kule kaa hata mwezi." Wasikilize kwa heshima, kisha uombe siku tano. Safari fupi inaeleweka, na ndiyo unayoweza kuilipia kwa pesa zinazoonekana.

Ubelgiji ina kipimo cha pesa za kujikimu: euro 95 kwa siku kwa anayelala hotelini, euro 45 kwa anayelala kwa mtu. Siku tano za hoteli ni euro 475, siku tano kwa ndugu ni euro 225. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, akaunti yako ionyeshe zaidi. Na iwe akaunti inayopumua kila mwezi, mshahara ukiingia na matumizi yakitoka. Dola 3,000 zilizoingia juzi kwenye akaunti iliyokuwa tupu zinasomwa kama za kuazima, hata kama ni zako kweli.

Ukiwa na ndugu atakayekudhamini, anaweza kusaini prise en charge (ahadi ya kukugharimia), ile fomu ya annexe 3bis, kwenye komini (ofisi ya mji) anakoishi. Lazima awe na kipato cha kutosha na cha kudumu. Fomu hii inachukua muda, kwa hiyo mwombe mapema, tena kwa simu, usimtumie ujumbe tu. Kwa mama mdogo au mjomba ambaye hamjaongea tangu mazishi ya mwisho, anza na salamu wiki moja kabla ya kutaja fomu.

Mambo mengine ya dosie:

- Bima ya safari ya angalau euro 30,000 inayofanya kazi Schengen nzima, siku zote za safari.
- Nafasi ya ndege iliyoshikiliwa bila kulipwa. Kinachohitajika ni reservation.
- Hoteli inayokubali kufutwa bila malipo.
- Tikiti ya konseti na uthibitisho wa malipo yake.
- Karatasi za kinachokurudisha Lubumbashi: kazi, biashara, ndoa, watoto, nyumba.

Ongeza barua ya ukurasa mmoja kwa Kifaransa. Aya ya kwanza iseme bendi, ukumbi na tarehe. Ya pili, siku za kuingia na kutoka na mahali pa kulala. Ya tatu, nani analipa. Ya nne, kazi inayokusubiri na tarehe ya kuripoti. Usiandike jinsi unavyoipenda Ulaya tangu utotoni.

Tahadhari: mkomisionere (dalali wa karatasi) atakayekuahidi kuipendezesha taarifa ya banki anakuuzia kukataliwa kwa leo na kesho. Karatasi ya uongo ikigunduliwa inakufuata kwenye maombi yote yanayokuja.

Jipime hivi: mpe dosie mtu asiyejua mpango wako, bila maelezo. Akiweza kukuambia unakwenda lini, wapi, kwa nini na unarudi lini, umemaliza.

## Hatua ya 4: Randevu

Sheria ya Schengen inaruhusu kupeleka ombi kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika siku 45. Hesabu kwa 45. Konseti ikiwa mwisho wa Mei, dosie iwe imeshapelekwa mwanzoni mwa Aprili, na nafasi ya randevu uwe umeitafuta kabla ya hapo.

Kabla ya kununua tikiti ya ndege ya Kinshasa, uliza kwa ubalozi au konsula ya Ubelgiji ni wapi mkazi wa Haut-Katanga anapeleka dosie yake wakati huo. Swali la dakika kumi linaweza kukuokolea mamia ya dola.

Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na kituo kinachopokea maombi kinaweza kuongeza ada yake ya huduma. Hairudishwi ukikataliwa.

Ukikataliwa, soma sababu zilizowekewa alama kwenye fomu. Kuna rufaa Ubelgiji ndani ya siku 30, lakini kwa konseti rufaa haisaidii sana, tarehe itapita. Kama bado una wiki nane, tengeneza kile kilichotajwa na upeleke dosie mpya. Kama huna, uza tikiti.

## Hatua ya 5: Ndege

Sasa lipa. Ethiopian hutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kupitia Addis Ababa, wengine hupitia Kinshasa na kupanda Brussels Airlines. Kwa mtu wa Lubumbashi napendelea Addis, kwa tikiti moja: ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ndiyo inayokutafutia nyingine. Ukinunua Lubumbashi–Kinshasa peke yake na Kinshasa–Brussels peke yake, ucheleweshaji wa ndani ni mzigo wako.

Fika angalau siku mbili kabla ya konseti. Lipia Go-Pass (ada ya uwanja wa ndege), beba kadi ya chanjo, na weka nakala za dosie nzima kwenye begi la mkononi. Viza haimzuii afisa wa mpakani kukuuliza unalala wapi na una pesa kiasi gani. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza pia kusajili picha ya uso ya mwenye viza na kuhakiki alama zake za vidole wakati wa kuingia, kwa hiyo foleni usiishangae.

## Hatua ya 6: Mjini

Hakikisha unashuka Zaventem, uwanja mkuu wa ndege wa Brussels. Charleroi nayo hujiita Brussels, lakini iko mbali. Kutoka Zaventem, treni inafika Bruxelles-Central kwa takriban dakika 20.

Ukilala karibu na Bourse au De Brouckère, AB unaifikia kwa miguu. Ukipendelea Matonge ya Ixelles, mtaa wa Wakongo, kituo ni Porte de Namur: panda metro hadi Arts-Loi, badilisha, shuka De Brouckère. Kwenye metro unagusisha kadi ya banki tu. Laini yako ya simu ikiwa haifanyi kazi nje ya Kongo, kodi za SMS za banki hazitakufikia, kwa hiyo kila kitu cha mtandaoni kilipie kabla ya kuondoka, na tikiti ya konseti ihifadhi ndani ya simu pamoja na nakala ya karatasi.

Siku ya konseti kula mapema, ukae, ushibe. Matonge utapata bukari, ingawa wataiita fufu na haitakuwa na unga uliouzoea. Utasimama saa nne.

## Hatua ya 7: Masikio

Brussels ina sheria ya sauti tangu 2018, na kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa ni wastani wa desibeli 100 kwa dakika 60. Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayochunguza usalama kazini, inahesabu kwamba kwa desibeli 100 sikio lisilozibwa lina dakika 15 kwa siku. Konseti ni dakika 75 hadi 90, na kuna bendi ya utangulizi.

Vile vizibo vya sponji vinavyotolewa mlangoni vinalinda, lakini vinapunguza sauti za juu kuliko za chini. Kwa bendi ambayo chombo chake kikuu ni besi, unabaki na mvumo na maneno yanapotea. Hapa ndipo linapotoka lile lalamiko la tatu. Vizibo vyenye kichujio hupunguza sauti karibu sawasawa, za juu na za chini, kwa hiyo muziki unabaki na umbo lake. Vinunue mapema na uvijaribu nyumbani.

Ukibaki na sponji tu: isokote iwe nyembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia mpaka itanuke. Ikining'inia nje, hujaivaa.

## Hatua ya 8: Mahali pa kusimama

Besi ya mtu kama Kerr haipiti njia moja. Sauti yake inagawanywa: sehemu moja inabaki chini na kwenda kwenye ampli ya besi, nyingine inapandishwa oktavo kwa pedali, inakwaruzwa, na kutoka kwenye ampli za gitaa. Ndiyo maana unasikia watu watatu na kuona wawili. Scott Lucas wa Local H, bendi nyingine ya wawili kutoka Marekani, alifanya jambo linalofanana kwa upande wa pili, akiweka pickup ya besi (kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi) kwenye gitaa lake.

Sasa, ukisimama mstari wa mbele kabisa, spika kuu zinapita juu au pembeni yako. Unachosikia ni ampli za jukwaani na dramu zenyewe, huku sauti ya mwimbaji ikiwa hafifu. Ni mahali pazuri pa jasho na picha.

Kwa kusikia, simama mbele kidogo ya meza ya fundi sauti. Yeye anachanganya kwa masikio yake, pale alipo, kwa hiyo karibu naye unapata kile anachokitengeneza. Jua pia kwamba spika za besi zikiwekwa kushoto na kulia, mvumo hujikusanya kwenye mstari wa katikati ya ukumbi. Ukiona kifua kinatetemeka kupita kiasi, sogea hatua tatu pembeni, utashangaa. Ukuta wa nyuma nao huongeza besi, usiuegemee.

AB ina roshani, na kwa bendi ya wawili mimi ningepanda huko bila kusita. Kutoka juu unaona miguu. Mpiga besi anayefanya kazi ya watu wawili anacheza pedali kwa miguu muda wote, na ukiiona kazi hiyo mara moja, rekodi zao utazisikia tofauti.

Ratiba ya kawaida: milango saa 1 jioni (19:00), bendi ya utangulizi karibu saa 2, wenyewe karibu saa 3. Ingia mapema, mlangoni patajaa. Begi kubwa kuliko karatasi ya A4 liache chumbani, kumbi nyingi hulikataa. Koti lipeleke wanakotunza nguo: nje kwa majira ya baridi, baridi ya Juni ya Lubumbashi ni mchezo, lakini ndani utaloa. Kundi likianza kusukumana katikati, ama ingia kwa hiari yako ama rudi pembeni. Akianguka mtu, anainuliwa kwanza, muziki baadaye.

Umefaulu kama ulipata maneno ya kiitikio bila kuyajua kabla, na ulipotoka nje uliweza kuzungumza bila kupiga kelele. Masikio yakilia usiku huo, yapumzishe. Yakiendelea kulia baada ya siku moja au mbili, nenda kwa daktari.

Metro inaisha karibu saa 6 usiku. Mabasi ya usiku ya Noctis ni ya Ijumaa na Jumamosi tu.

## Hatua ya 9: Rudi kwa tarehe uliyoandika

Hata kama bendi imetangaza onyesho la ziada Antwerpen Jumanne. Tunza kadi za kupandia ndege, tikiti ya konseti na pasipoti pamoja, kwenye bahasha moja. Alama za vidole ulizotoa wakati wa kuomba viza zinaweza kutumika tena kwa miezi 59, na mtu aliyepata viza tatu ndani ya miaka miwili na kuzitumia vizuri anaweza kupewa ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi. Kwenye ombi la nne, itaje waziwazi katika barua yako, na weka nakala za viza zote tatu juu ya dosie.